Vyombo Vyako Si Rehani: Mazungumzo Kuhusu Kuhama Nyumba Lavington

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti katika kikao na wakaazi wa Lavington.

Najua leo ni mwisho wa mwezi, na huenda kuna wenzetu ambao wangekuwa hapa lakini wamekwama Barabara ya James Gichuru nyuma ya lori lenye makochi.

Niliombwa nizungumze kuhusu namna ya kumpata mhamishaji wa kuaminika. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilihama. Nilipiga simu, nikatajiwa shilingi 14,000, nikafurahi, sikuuliza jambo lingine. Mimi niliyekaa chuoni nikifundishwa kuuliza nani, nini, lini, wapi na kwa nini! Lori lilipofika kwenye lango la nyumba mpya, dereva alizima injini akaniambia vitu vimekuwa vingi kuliko alivyotarajia. Bei sasa ni 23,000, na mlango wa lori haufunguliwi mpaka nilipe. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, mvua inanukia, mtoto ana homa na dawa zake zimo ndani ya lori. Nililipa.

Usiku ule nilijiambia sikuwa na la kusema. Kumbe la kusema lilikuwa limeandikwa tangu 2012.

Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka huo inasema kwamba mtu aliyeshikilia mali ya mteja akiitumia kumshinikiza akubali masharti mapya, anatenda jambo lisilo halali. Sisemi ni utovu wa adabu, nasema sheria imelikataza. Sheria hiyohiyo inasema kwamba mkataba ukiwa na makadirio ya gharama, anayetoa huduma hawezi kudai zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo. Ukikadiriwa shilingi 30,000, kikomo ni 33,000. Bila shaka, ukimwambia mhamishaji asubuhi kwamba umeamua kubeba pia kabati la mama mkwe lililoko Ngong, hapo mnaweza kukubaliana bei mpya. Lakini ni makubaliano ya watu wawili, hayafanywi mmoja akiwa ameshika ufunguo wa lori.

Mtaona basi kwa nini nasisitiza maandishi. Bei ya mdomo kila mtu huikumbuka kivyake. Makadirio yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, ghorofa ya ngapi, watu wangapi, nani anafunga na nani anafungua.

Na hapa ndipo kampuni yenye maadili inapojitambulisha kabla lori halijawashwa. Inakuja kuona nyumba. Hapa kwetu Lavington jambo hili ni la maana sana, kwa sababu mtaa umebadilika. Zamani ulihama kutoka nyumba ya bustani kwenda nyumba ya bustani, lori likaingia hadi mlangoni. Siku hizi wengi wetu tunaishi kwenye maghorofa, lifti ni moja au mbili, keateka anataka taarifa mapema, na baadhi ya majengo hayaruhusu kuhama Jumapili. Mhamishaji asiyeuliza kama friji yako inaingia kwenye lifti atakuja kuuliza siku yenyewe, na jibu utalilipia wewe. Anayekuuliza maswali hadi unachoka ndiye unayemtaka. Atakwambia pia asichobeba: mtungi wa gesi, pesa, hatimiliki, dhahabu. Hivyo beba mwenyewe. Dawa za mtoto pia, nawasihi.

Kisha kuna orodha. Kila kitu kiandikwe kabla ya kupakiwa, pamoja na mikwaruzo iliyokuwepo, na pande zote mbili zitie sahihi. Wengine huona ni usumbufu. Mimi naona ni heshima, kwa sababu orodha inamlinda pia kijana anayebeba asije akasingiziwa kwamba ameiba saa ambayo ilipotea tangu Krismasi.

Kuhusu bima, watu wengi wanachanganya mambo. Dereva akikuonyesha bima ya gari ya kawaida, ile inayolinda watu wengine barabarani, ujue kwamba meza yako ya kioo haimo. Uliza bima ya mali iliyo safarini, uone cheti, na uone inalipa hadi kiasi gani. Kama hakuna, afadhali aseme hakuna, nawe uamue ukijua.

Sasa niseme jambo ambalo huenda hamkulitarajia. Tazama viatu vya wafanyakazi. Mtu anayeshusha mashine ya kufulia kutoka ghorofa ya sita akiwa amevaa ndara, bila glavu, ametumwa na mwajiri wa aina gani? Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Kuajiri kibarua wa siku si kosa, na nyumba nyingi katika jiji hili zinalishwa na kibarua. Kosa ni kumvunja mgongo halafu kumtelekeza kando ya barabara. Kampuni inayompunja mbebaji wake haitakuwa na huruma na kabati lako.

Wala msidhani ninawasifu wenye malori makubwa yaliyopakwa rangi. Kuna vijana Kawangware wenye pikapu moja na mkokoteni ambao neno lao ni neno, na zipo kampuni zenye ofisi ya vioo zinazoongeza bei langoni. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini hata ghali si dhamana. Ndiyo maana sitataja jina la kampuni yoyote leo, hata mkinisubiri nje.

Badala yake, thibitisheni wenyewe. Jina la kampuni linaweza kutafutwa kwa Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Mwenye gari anaweza kujulikana kupitia mamlaka ya usafiri, NTSA, kwa ada ndogo. Omba kuona kibali cha biashara cha kaunti cha mwaka huu, kwa maana leseni za biashara ni kazi ya kaunti kikatiba. Angalia kama jina linalotokea kwenye simu unapolipa kwa M-Pesa ni la kampuni uliyozungumza nayo au la mtu usiyemjua. Na mkiona tangazo mtandaoni lenye picha za malori mazuri, tazameni usukani. Ukiwa upande wa kushoto, picha hizo hazikupigwa Nairobi.

Na likitokea lililonitokea mimi? Piga picha lori na nambari yake. Mwonyeshe dereva makadirio, mtajie sheria kwa upole. Akikataa kuachilia mali, piga ripoti kituo cha polisi na uchukue nambari ya OB. Ikiwa giza limeingia na mtoto analia, lipa, lakini lipa kwa simu, si kwa noti. Halafu mtumie ujumbe mara moja kwamba umelipa kwa sababu vyombo vilizuiliwa. Ujumbe huo ni ushahidi.

Ushahidi huo upeleke Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Wakaazi wengi ninaozungumza nao hawajui kwamba ipo, au wanadhani ni ya wafanyabiashara peke yao. Kioo kilichovunjwa, kochi lililopasuka, shilingi 9,000 zilizoongezwa langoni, yote hayo yanaweza kufika pale. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kufidiwa kwa hasara itokanayo na huduma mbovu.

Mimi sikwenda. Risiti sikuwa nayo, makadirio sikuwa nayo, na nambari ya lori sikuiandika.

Naona mikono mitatu imeinuka tayari. Tuanze na mama pale nyuma, halafu mzee, halafu kijana wa pikapu, ambaye nadhani ana malalamiko yake kuhusu wateja.