Nafasi ya Miti Shambani na Nguvu ya Boriti
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Mimi si bwana miti. Ni karani kama ninyi, na kazi yangu ni kalamu na majalada. Lakini nimelichagua jambo hili kwa kuwa latugusa kwa njia mbili. Kwanza, wengi wetu tumenunua, au twafikiri kununua, kipande cha ardhi katika nyanda za juu za Iringa na Njombe, tupande misonobari iwe akiba yetu siku ya kustaafu. Pili, kila mmoja wetu hulala chini ya paa. Basi swali langu ni hili: nafasi tunayoiacha baina ya mche na mche yaongeza nini, na yapunguza nini, katika nguvu ya boriti itakayopasuliwa baadaye?

Tuanze kwa hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Ukipanda kwa nafasi ya meta 2 kila upande, hekta moja hupokea miche 2,500. Kwa meta 2 na nusu hupokea 1,600. Kwa meta 3 hupokea 1,111 tu. Mwenye shamba akitazama hesabu hii huona upesi kuwa nafasi pana yapunguza gharama ya miche na ya mashimo, na kila mti hupata mwanga na maji tele, ukanenepa haraka. Mambo hayo ni kweli. Lakini unene si nguvu, na hapa ndipo wengi wapotewapo.

Sababu ya kwanza ni matawi. Msonobari uliosimama peke yake huyaweka matawi yake ya chini hai kwa miaka mingi, nayo huwa manene kama mkono wa mtu. Kila tawi lililomezwa na shina huwa fundo ndani ya ubao. Nyuzi za mti, ambazo zapaswa kwenda moja kwa moja, hulizunguka fundo kama maji yazungukavyo jiwe mtoni. Boriti ikibebeshwa mzigo, upande wake wa chini huvutwa; na fundo kubwa likiwa ukingoni mwa upande huo, hapo ndipo ivunjikapo. Miti iliyopandwa karibu hutiliana kivuli mapema, matawi ya chini hufa yangali membamba, na mafundo huwa madogo.

Sababu ya pili haionekani kwa macho, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Kuni ambazo msonobari huziumba karibu na moyo wake, katika pete kumi za kwanza hivi, si sawa na zile za ukubwani. Nyuzi zake ndogo kabisa zimelala kwa mshazari, si wima. Kwa hiyo ubao wa moyoni hulegea chini ya mzigo. Tena ukikauka hufupika kwa urefu, hupinda na kujisokota. Tuuite ubao wa utoto. Hakuna mti usiopitia utoto, kama vile hakuna mtu. Ila yafaa utoto huo uchukue mahali padogo katika shina.

Tuseme mti mmoja umepandwa kwa nafasi pana, ukaongeza sentimeta 1 ya pete kila mwaka. Baada ya miaka 10 moyo wake wa utoto una upana wa sentimeta 20. Mwingine, uliobanwa kidogo na wenzake, umeongeza milimeta 6 kila mwaka. Moyo wake una sentimeta 12. Ngoja yote miwili ifike sentimeta 30. Katika gogo la kwanza, sehemu 44 katika 100 ni ubao wa utoto. Katika la pili ni sehemu 16 tu. Magogo mawili ya unene mmoja, lakini si ya thamani moja kwa mjenzi.

Jambo hili limepimwa kwa uvumilivu katika nchi nyingine. Huko Afrika Kusini, katika miaka ya 1930, A. J. O'Connor alianzisha mashamba ya majaribio, mengine yakiachiwa miti 2,965 kwa hekta, na mengine yakipunguzwa hadi 124 tu, ili kuona kila kiasi chazaa nini. Huko Uingereza, wapandao spruce ya Sitka kwa ajili ya mbao za kujengea hushauriwa nafasi ya meta 2 hivi, ili mbao zisipungukiwe nguvu.

Lakini mtu asiondoke hapa akisema, Karani amesema tubananishe miti. Miti iliyobanwa siku zote hubaki fito, hugombania maji, na upepo huiangusha. Tena matawi ya msonobari yakifa hayaanguki yenyewe upesi. Hukaa yamekauka, na shina likiyameza huwa mafundo yaliyolegea, yanayochomoka ubaoni. Kwa hiyo kazi ni tatu, wala moja haitoshi pasipo nyingine: kupanda karibu kwa kiasi, kupogolea matawi yangali membamba, na kupunguza miti mibovu kwa wakati wake ili iliyo mizuri inenepe ikiwa imekwisha kupita utotoni.

Na ya nne ni kungoja. Wako wakulima wavunao msonobari kabla haujatimiza miaka 10. Mti huo ni utoto mtupu, hata ungepandwa kwa nafasi gani. Mnunuzi hulipa kwa vipimo vya inchi, naye muuzaji hupata fedha yake. Lakini ubao ule hupandishwa juu ya darasa, na watoto huketi chini yake. Ndugu zangu, ada ya shule haingoji, nami nalijua hilo. Basi mwenye hekta mbili na auze zile fito za kupunguza kwa haja za leo, ayaache mashina bora yafike miaka 20 na zaidi kwa ajili ya kenchi na boriti.

Haya niliyoyasema ni ya msonobari. Mkaratusi na mtiki yana habari zake. Nawasihi, kabla ya kuchimba mashimo, mwulizeni bwana miti wa wilaya kuhusu udongo na mvua ya mahali penu. Kisha pimeni nafasi kwa kamba, si kwa hatua za miguu. Haraka haraka haina baraka, na mti umethibitisha neno hilo.