Mtoto Akisoma Falsafa, Atakula Nini?



Juzi tukichanga karo, mama mmoja aliuliza: huyu kijana wetu anayesomea falsafa ataajiriwa wapi? Tusimcheke. Pesa za mchango zina jasho.

Tumtazame marehemu Profesa Henry Odera Oruka. Alikwenda Uppsala, Sweden, kusoma sayansi, akageukia falsafa. Alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akazunguka vijijini akihoji wazee wenye hekima kama hawa wetu. Mwaka 1987, katika kesi ya mazishi ya S.M. Otieno, alitoa ushahidi mahakamani juu ya mila za Waluo.

Lakini tuseme kweli: matangazo ya kazi hayaiti “mwanafalsafa”. Kufundisha sekondari kwataka mafunzo ya ualimu. Uwakili wataka shahada ya sheria. Uandishi wa habari, uchungaji na kazi za mashirika zamhitaji mtu anayeandika vizuri na kupima maneno.

Basi tumwambie kijana mapema achague njia ya pili ya kuongeza, nasi tusikate mchango katikati. Hata katika vikundi vyetu, ugomvi wa pesa huhitaji mtu wa kuuliza: kwa nini?