Mkono Ulianza, Imani Ikafuata
Mada kwa semina ya wafanyabiashara wadogo wa mpakani, Kasumbalesa



Nimepewa mada pana: jinsi hisia na imani za mtu zinavyoongoza matendo yake na kuyageuza maisha yake. Wahubiri wengi wameshaijibu kwa sentensi moja: badili mawazo yako, maisha yatabadilika. Nimekuja kuipinga nusu ya sentensi hiyo, tena kwa historia yetu wenyewe ya Katanga, maana ukumbi huu umejaa watoto wa Gécamines.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya migodi ya shaba, Union Minière, ilianza kuachana na vibarua wa muda na kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake zao. Mume alipata kazi, nyumba, na posho iliyohesabiwa kwa mke na watoto. Hospitali ilikuwa ya kampuni, shule ya kampuni. Mama alifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Serikali ilipoichukua kampuni mwaka 1967, ile ambayo baadaye tuliizoea kwa jina la Gécamines, malezi hayo yaliendelea.

Pamoja na shaba, kambi zile zilizalisha imani. Kampuni ni baba na mama. Mwanamume ni yule anayeleta gunia la unga nyumbani. Mke wa mfanyakazi hahangaiki barabarani. Hakuna aliyehitaji kuihubiri imani hiyo kwa kelele, kwa kuwa iliingia mlangoni pamoja na posho.

Kisha mlango ukafungwa. Mwaka 1986 Gécamines ilikuwa bado ikitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia mwaka 2003 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 20,000. Mishahara ilikaa miezi na miezi bila kulipwa. Kati ya mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Hiari! Mtu asiyelipwa anapewa karatasi aweke sahihi, nasi tunaiita hiari. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alitoa kitabu mwaka 2001 ambacho jina lake linawataja Bana Shaba, yaani watoto wa shaba, waliotelekezwa na baba yao. Jina hilo linatosha kueleza jeraha lilikuwa wapi.

Hapa ndipo hisia zinapofanya kazi yake. Njaa ilikuwa kubwa, lakini naamini haya ilikuwa kubwa zaidi. Wengi wenu mnamkumbuka baba aliyeendelea kuamka alfajiri, akavaa nguo za kazi na kutoka, ingawa huko aendako hapakuwa na mshahara. Tusimcheke. Imani yake ilimwambia kwamba akionekana nyumbani saa nne asubuhi, ubaba wake umekwisha. Hata fedha za kuondokea, kwa wengine, zilitumika kuilinda sura hiyo ya baba mwenye uwezo kuliko kuanzisha kazi mpya. Hesabu walizijua vizuri. Haya ndiyo iliyoshika kalamu.

Na mama je? Hakukaa kwanza akabadili mawazo. Aliuza vitenge vyake, akapanda gari hadi hapa, kilomita 90 na ushei kutoka Lubumbashi, akarudi na unga wa Zambia. Mara ya kwanza pengine alijifunika uso asionwe na majirani. Alikuwa bado anaamini kwamba mke wa mfanyakazi hahangaiki barabarani, naye yumo barabarani. Watoto walipokula bukari ya jasho lake, na karo ikalipwa, ndipo imani ilipoanza kusogea, polepole, kwake kwanza, kwa mumewe baadaye sana. Kwa wengine haijasogea hadi leo. Ndiyo maana nasema mkono ulianza, imani ikafuata.

Kuna atakayesimama kuniuliza kuhusu harakati ya Kikatoliki ya Jamaa, ambayo ilianza na mawazo, na ana haki. Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyechapisha kitabu chake cha falsafa ya Kibantu mwaka 1945, aliianzisha Jamaa miaka ya 1950 karibu na Kolwezi, miongoni mwa wafanyakazi hao hao wa kambi. Mafundisho yalikuwa ya mawazo: uzima, uzazi, mapendo. Mume na mke waliingia pamoja na kufunguliana mioyo, na wengi walibadilika kweli. Nakubali. Lakini tazameni namna yake: walikutana watu wawili wawili, nyumba kwa nyumba, kwa muda mrefu, wakisikilizana. Haya haiondoki kwa hotuba ya jukwaani, hata hii yangu. Huondoka mbele ya watu wanaokujua.

Turudi kwenye biashara yenu. Mnakumbuka Agosti 2024: Congo ilikuwa imezuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, watu wakaandamana, na Zambia ikafunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Kwa mwenye mtaji wa magunia machache, siku chache ni nyingi. Sasa mfikirieni mama aliyepata hasara kama hiyo. Akiamini kwamba hasara ni aibu, ataificha kwa wenzake na kwa mumewe, atakopa kwa riba ili mchango wa likelemba, kile kikundi cha kuchangiana kwa zamu, usikose, na mwezi ujao atakopa tena kulipa deni lile la kwanza. Mpaka ulimnyang'anya siku chache, haya itamnyang'anya mtaji wote. Akiamini kwamba hasara ni sehemu ya kazi, ataisema, na kundi litampisha zamu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wenyeviti wa likelemba mliomo humu, katika mkutano wenu ujao anzeni kwa kutaja hasara za mwezi kabla ya kukusanya mchango, na mwenyekiti awe wa kwanza kutaja yake. Mama wenye waume, waleteni wasikie.