Chekeche la Mwisho ni Tanuri: Kutafuta Semikondakta Mpya kwa Hesabu na kwa Maabara

1. Utangulizi

Taa za LED za buluu, zilizowapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, hutegemea galiamu naitraidi. Galiamu yenyewe hupatikana hasa kama zao la ziada boksiti inaposafishwa ili kupata alumina. Je, tunaweza kupata semikondakta ya aina hiyo kwa elementi zilizo tele ardhini? Na tukiipata, tutajuaje kwamba ni yenyewe? Mada hii inashikilia kwamba kompyuta hufupisha orodha tu. Wenye kutoa hukumu ni tanuri na vipimo.

2. Mfano wa CaZn2N2

Mwaka 2016 watafiti wa Japani, wakiwamo Fumiyasu Oba na Hideo Hosono, walichapisha matokeo ya kuchekecha naitraidi za zinki zenye elementi tatu. Kila kampaundi iliulizwa maswali matatu.

La kwanza ni uthabiti. Nishati ya kampaundi hulinganishwa na ya vitu ambavyo ingeweza kuvunjika na kuwa. Kwa CaZn2N2, mshindani wa wazi ni mchanganyiko wa Ca3N2 na Zn3N2. Mchanganyiko ukiwa na nishati ndogo zaidi, kampaundi ina kila sababu ya kuvunjika.

La pili ni tabia ya elektroni: ukubwa wa pengo la nishati, na wepesi wa elektroni kusafiri ndani ya fuwele. Hapa pana mtego, kwa kuwa hesabu za kawaida na za bei nafuu hutoa pengo dogo kuliko lile halisi. Zinafaa kwa mchujo wa awali; zinazobaki hupaswa kuhesabiwa upya kwa njia nzito zaidi.

La tatu husahaulika mara nyingi: je, fuwele itakubali kutiwa kiasi kidogo cha elementi ngeni ili ipitishe umeme kama tunavyotaka? Semikondakta isiyokubali hilo haitatoa transista wala taa.

Watafiti hao walipendekeza kampaundi 21. Mojawapo, CaZn2N2, haikuwa imewahi kuripotiwa popote. Kuitengeneza hakukuwa rahisi, maana naitraidi za zinki zikipashwa moto huelekea kuvunjika na kuachia naitrojeni. Dawa ilikuwa shinikizo kubwa. Vipimo vilithibitisha muundo wa fuwele uliotabiriwa, na unga uliopatikana, ulipoangaziwa, ulitoa mwanga mwekundu. Hapo ndipo utabiri ulipogeuka kuwa ugunduzi.

3. Hadhari ya mwaka 2023

Mwaka 2023 maabara ya roboti iitwayo A-Lab, huko Berkeley, Marekani, ilitangaza kwamba kwa siku 17 imetengeneza kampaundi 41 kati ya 58 zilizolengwa. Mwaka 2024 wakemia wengine walizipitia upya data za eksirei wakapinga. Walionyesha kwamba takribani theluthi mbili ya zilizohesabiwa kuwa mafanikio huenda zilikuwa kampaundi zinazojulikana tayari. Kompyuta ilikuwa imepanga kila atomu mahali pake maalumu, ilhali katika unga halisi aina mbili za atomu zinaweza kugawana nafasi zile zile bila mpangilio. Hesabu zilizofanywa kwa mpangilio kamili haziuoni mchanganyiko huo, na programu inayosoma eksirei bila jicho la mtaalamu huweza kuukosa pia.

4. Mapendekezo

Kwanza, mradi wa kuchekecha nyenzo utenge fedha za usanisi na vipimo tangu siku ya kwanza, badala ya kuviachia masalio.

Pili, majaribio yaliyoshindikana yaandikwe kwa ukamilifu: viambato, joto, muda na kilichopatikana. Mwaka 2016 watafiti wa Haverford College, Marekani, waliifundisha programu kwa madaftari yenye majaribio ya aina hiyo. Ilipowekewa kazi ya kuchagua masharti ya kukuza fuwele mpya, ilifanikiwa kwa asilimia 89, huku wakemia wenye uzoefu wakipata 78.

Tatu, maabara isiyo na kompyuta kubwa isijione imeachwa nyuma. Orodha za kampaundi zilizotabiriwa zinapatikana bure, kwa mfano katika hazina ya Materials Project. Kinachopungua ni watu wanaoweza kuzitengeneza na kuzisoma eksirei zake kwa uaminifu. Mafunzo ya uzamili yaanzie hapo.