Nyimbo za Mataifa Shuleni: Mwalimu Naye Afundishwe



Tumepewa nafasi hii tuseme nanyi juu ya nyimbo na desturi za mataifa, na jinsi zipasavyo kuingia katika mafundisho ya watoto wetu. Labda mtu atasema, "Hilo ni jambo dogo, watoto waimba kila siku." Ni kweli waimba. Lakini kuimba ni jambo moja, na kujua unachokiimba ni jambo la pili. Mtoto afundishwaye wimbo wa nchi ya mbali, asiambiwe ni wa watu gani, wala huimbwa wakati gani, wala maneno yake yana maana gani, hubaki na sauti tupu. Wala tusimlaumu mwalimu upesi, kwa maana yamkini naye hakufundishwa. Asiye na kitu hawezi kumpa mwenzake.

Na tutazame kwanza habari za nchi ya Gold Coast, ambayo tangu mwaka 1957 yaitwa Ghana. Huko alizaliwa Ephraim Amu mwaka 1899, katika nchi ya Peki. Alisomea ualimu, na mwaka 1926 akawekwa kufundisha katika chuo cha walimu cha Kipresbiteri kilichoko Akropong. Kati ya kazi zake ilikuwamo kuwafundisha muziki vijana waliokuwa wakijiandaa kuwa walimu. Siku zile nyimbo nyingi za kanisani na shuleni zilikuwa sauti za Ulaya zilizotiwa maneno ya kienyeji.

Amu aliona kasoro. Katika lugha ya Kitwi, kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Neno likisemwa kwa sauti ya juu lina maana yake, na likisemwa kwa sauti ya chini lina maana nyingine. Basi maneno hayo yakifungwa katika wimbo wa Kijerumani au wa Kiingereza, wimbo hupanda mahali neno litakapo kushuka, na maana huharibika kinywani mwa mwimbaji. Kwa hiyo Amu aliwaendea waimbaji wa vijijini, akaketi miguuni pao, akajifunza na kuziandika nyimbo zao. Kisha akatunga nyimbo mpya zilizofuata sauti ya lugha yenyewe. Mwaka 1932 kilitoka kitabu chake chenye nyimbo 25.

Jambo hilo halikuwapendeza wakubwa wote wa kanisa. Walimwona akileta nyimbo za namna ya Kiafrika ibadani, tena akivaa vazi la kwao mimbarani, na mwaka 1933 akaondolewa chuoni. Mwaka uliofuata alipokewa katika Chuo cha Achimota, karibu na Accra, akaendelea na kazi ile ile. Lakini tazameni jambo la ajabu: mtu huyu aliyepoteza kazi kwa ajili ya nyimbo za kwao hakuudharau muziki wa Ulaya. Mwaka 1937 alikwenda London, akausoma katika chuo cha muziki cha kifalme, kwa wenyewe wanaoujua. Amu hakuchagua kati ya chake na cha mwenziwe. Alivisoma vyote viwili kwa adabu moja.

Wako watakaosema, "Kiswahili hakina shida ya Kitwi." Hakika hakipandi na kushuka kwa namna ile, lakini kina mkazo wake, nao kwa kawaida hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Litazameni neno "barabara". Mkazo ukikaa pale pa kawaida, ni njia ipitwayo na magari. Ukisogezwa nyuma silabi moja, maana yake ni sawasawa kabisa. Ni mara ngapi twasikia kwaya ikikaza silabi ya mwisho kwa sababu wimbo wa kigeni wataka hivyo? Mwalimu aliyefundishwa atalisikia kosa hilo mara moja, na atajua kulitengeneza.

Mfano wa pili tunao karibu, katika nchi ya Buganda. Huko kuna amadinda, nayo ni marimba ya vipande 12 vya mti. Hupigwa na watu watatu. Wa kwanza hupiga sauti zake kwa mwendo ulio sawa. Wa pili hutia zake katikati ya zile za kwanza. Wa tatu hupiga vipande viwili tu. Wimbo usikiwao na wasikilizaji haupigwi na mmoja wao peke yake. Hupatikana kwa kushirikiana kwao. Tena sauti zake zimegawanywa kwa hatua tano zinazokaribia kulingana, nazo hazipatani na vipande vya kinanda cha kanisani. Basi mwalimu akiufundisha wimbo huo kwa kinanda, atakuwa amefundisha kitu kingine.

Mwaka 1959 Gerhard Kubik, kijana wa Austria, alijifunza amadinda huko kwa Evaristo Muyinda, fundi mashuhuri wa Buganda. Alitoka mbali, akawa mwanafunzi wa mwenye kujua. Huo ndio utaratibu ufaao. Na hatari ya kuuacha twaijua. Jumba la Kabaka lilikuwa na entenga, ngoma 15, na 12 kati yake zilipangwa sauti kama marimba. Zilipigwa jumbani tu, na waliozijua walikuwa wachache. Mwezi wa Mei mwaka 1966 jumba likashambuliwa na askari wa serikali, Kabaka akakimbia, na wapigaji wakatawanyika. Elimu ya miaka mingi ikawa karibu kupotea kwa siku moja. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa, chuo cha walimu kifanye nini? Sisi twaona mambo manne.

Kwanza, kila mwanafunzi wa ualimu aende kwa mzee wa kwao, mwanamume au mwanamke, ajifunze wimbo mmoja pamoja na maana yake, wakati wake, na uchezaji wake. Aombe ruhusa. Nyimbo za jando na unyago zina mipaka yake, na haifai kuzipeleka darasani.

Pili, ajifunze wimbo mmoja wa taifa jingine kutoka kwa mwenyeji wa taifa hilo. Kama hapatikani, asikilize sauti iliyonaswa, tena mara nyingi, kabla ya kufungua kinywa chake.

Tatu, afundishwe kufuata taratibu: sikio kwanza, kisha kinywa, kisha mikono na miguu, na maandishi mwisho. Alama za do, re, mi ni msaada mkubwa kwa kwaya, lakini hazibebi kila sauti ya dunia, kama tulivyoona katika amadinda.

Nne, aunganishe wimbo na masomo mengine. Nchi yake ionyeshwe katika ramani. Chakula, kazi na lugha ya watu wake zielezwe. Zamu za wapigaji wa amadinda ni hesabu njema kabisa.

Twajua mwalimu mwingine atasema kwamba mtihani hauulizi ngoma. Ni kweli, lakini mtoto aliyezoea kusikiliza kwa makini ataisikiliza hesabu na historia kwa sikio lile lile.

Nanyi wazee wetu, twawasihi. Akija kijana na daftari lake kuuliza wimbo wa kulea au wa kulima, msimcheke wala msimfukuze. Mwaka 1963 wimbo wa taifa la Kenya ulipatikana katika sauti ya kubembelezea watoto ya Wapokomo. Mama aliyeimba ili mtoto wake alale hakujua kwamba taifa zima litasimama wima kuisikia sauti ile. Hatuwezi kujua ni wimbo gani katika vijiji vyetu utakaohitajiwa kesho. Basi na ufundishwe leo, angali yupo aujuaye.