Mchezo wa Vijana, Hofu ya Wazee

Leo tunazungumzia usalama katika makazi ya wazee.

Saa nne usiku, jiwe linatua juu ya bati. Mlango unagongwa, kisha vicheko vinatokomea. Kwa kijana wa miaka 15, huo ni mchezo. Kwa bibi anayepapasa fimbo yake gizani, ni hatari: akianguka na kuvunjika nyonga, huenda asitembee tena.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee. Anastahili kulindwa. Lakini kijana anayeruka uzio kuchuma maembe naye ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mpaka atimize miaka 18. Msimpigie kelele za mwizi. Kelele hizo huua.

Wasimamizi, wekeni taa getini na zibeni matundu ya uzio. Andikeni kila tukio: siku, saa na kilichotokea. Mkimtambua kijana, waiteni wazazi wake mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Pakiwa na wizi, vitisho au kipigo, toeni taarifa polisi kwa namba 112.

Vijana, nendeni kwenye makazi hayo mchana. Wapeni wazee shikamoo, wachoteeni maji, ili wawajue kwa majina.

Nawe mzazi, leo usiku kabla hujafunga mlango, hakikisha mwanao yumo ndani.