Kupanga Nyumba kwa Kipato Kidogo

Ndugu wananchi wa Kata ya Vikindu,

Wengi wetu tumehamia huku tukikimbia kodi za mjini. Hata hivyo, unafuu wa chumba haupimwi kwa kodi peke yake. Chumba kilichopungua shilingi 20,000 kwa mwezi, lakini kikakuongezea nauli ya shilingi 1,000 kwa siku, kitakula shilingi 26,000 katika siku 26 za kazi. Hapo umepata hasara ya 6,000.

Pigeni pia hesabu ya kuingilia. Kodi ya 40,000 ikidaiwa ya miezi sita, pamoja na mwezi mmoja wa dalali, ni 280,000. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005; kwa hiyo kiasi na muda wa malipo ni mapatano. Ombeni miezi mitatu. Mwenye chumba kilichokaa kitupu huenda akakubali.

Kabla ya kutoa fedha, mwone mwenye nyumba mwenyewe, tena mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Uliza maji hutoka wapi, na mita ya LUKU hutumiwa na kaya ngapi. Mkataba uandikwe, na kila malipo yapewe stakabadhi.

Mgogoro ukizuka, Baraza la Kata hupatanisha tu. Tangu mwaka 2021 haliamui mashauri hayo. Uamuzi ni wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nalo hupima ushahidi. Mpangaji asiye na karatasi atabaki na maneno yake tu.